Mfupa wa Caistor na Dai la Neno la Kwanza la Kiingereza

Wapo wataalamu, na zaidi yao waandishi wa vitabu vya watu wote, wanaousifu mfupa mmoja mdogo kuwa umebeba neno la kwanza la Kiingereza lililopata kuandikwa. Ni mfupa wa kifundo cha mguu wa roe, mnyama wa misitu ya Ulaya afananaye na paa. Ulifukuliwa mwaka 1937 huko Caistor St Edmund, karibu na Norwich, ndani ya chungu cha makaburini, pamoja na mifupa mingine ambayo mingi ni ya kondoo. Yamkini zilikuwa kete za mchezo. Umekadiriwa kuwa wa karne ya 5. Juu yake zimechongwa herufi sita za runi zisomekazo raihan, yaani, kwa maoni ya wengi, 'kutoka kwa roe'.

Hapa akiolojia imeifaa isimu kwa namna ya nadra, kwani kitu chenyewe chashuhudia maana ya maandishi yake. Lau mnyama asingalitambuliwa, tafsiri hiyo ingalikuwa kisio tupu.

Hata hivyo, 'la kwanza' na 'la Kiingereza' ni madai mawili, na la pili ndilo dhaifu. Runi ya h mfupani humo ina mstari mmoja wa kukingama, kama ilivyo desturi ya Skandinavia; runi za Uingereza za baadaye zina miwili. Tena sauti ai haijageuka. Katika Kiingereza cha Kale ilikwisha kuwa a ndefu, neno likawa raha au ra (lisidhaniwe kuwa na nasaba na raha ya Waswahili), na ndiyo roe ya leo. Basi mchongaji ama alisema lugha ambayo haijawa Kiingereza bado, ama alikuwa mtu wa ng'ambo. Kaburi laonyesha mtu alipozikwa, halionyeshi lugha aliyoinyonya kwa mamaye.

Wala umri wa mchongo si umri wa neno. Kijerumani kina Reh, Kiswidi kina rå. Neno lilikuwa vinywani kabla ndugu hao hawajaachana.

Ikiwa lazima apatikane mshindani, kidani cha dhahabu cha Undley, kilichookotwa Suffolk mwaka 1982, chastahili zaidi, maana runi yake ya o ina umbo la Waingereza na Wafrisia. Nacho pia huenda kilifuliwa ng'ambo ya bahari.