Rosa Mistika na Mizani Yetu

Tulipoisoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, swali la semina yetu hapa Uganda lilikuwa: Rosa alikosea wapi? Tuliujaza ubao makosa yake. Zakaria, baba mlevi aliyempiga bintiye kwa ajili ya barua ya mvulana, alipata mstari mmoja. Wanaume waliomtumia Rosa hawakupata hata huo. Charles, anayemwacha mchumba kwa kuwa si bikira, tulimwita mtu mwenye msimamo. Hakuna aliyeuliza habari za maisha yake yeye.

Nguvu ya riwaya hii ni kumfumania msomaji. Udhaifu wake ni kwamba Rosa anajiua mwishoni, na msomaji mvivu huona kwamba haki imetendeka. Nami niliandika hivyo katika zoezi langu, nikapata alama nzuri.

Jioni hiyo nilimkuta kaka yangu sebuleni na vitabu vyake. Mama akaniambia, "Usimsumbue, ana mtihani. Njoo jikoni." Mtihani wangu ulikuwa wiki hiyo hiyo. Nikamenya ndizi huku nikitamani kulirudia lile zoezi.