Daftari la Siri na Kazi ya Mwandishi

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyabiashara aliyaelewa maneno haya tangu zamani, na karani huyatii kila siku ya kazi. Mwandishi ndiye aghalabu huyapuuza, ilhali mali yake, yaani mambo aliyoyaona, aliyoyasikia na aliyoyawaza, hupotea upesi kuliko fedha. Katika makala haya twakusudia kuipima faida ya daftari la siri la kila siku, ambalo wengine huliita shajara, kwa mtu atakaye kuandika. Tutaipima kwa kazi za waandishi wawili waliopata kuishi katika nyanda hizi za kati.

Wa kwanza ni Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969. Alikuwa mwalimu, kisha karani, kisha hakimu. Tungo zake aliziandika akiwa mtu mwenye kazi nyingine ya kumlisha. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Kitabu cha namna hiyo hakitungwi kwa usiku mmoja. Jina la ukoo, mahali ulikotokea, mwiko wake: haya ni mambo yadakwayo moja moja vinywani mwa wazee, na asiyeyaandika siku ile ile huyachanganya kesho yake. Tena Mnyampala aliandika habari za maisha yake mwenyewe, Maisha ni Kugharimia, zilizochapishwa mwaka 2013, zaidi ya miaka arobaini baada ya kufa kwake. Lau angeziweka kichwani tu, zingezikwa pamoja naye.

Mwaka aliozaliwa mshairi huyo ndio ulioanza njaa kuu iitwayo Mtunya, iliyowatesa watu wa Ugogo hadi mwaka 1920. Wazee waliihifadhi njaa ile kwa kuipa jina. Jina hutunza tukio, lakini halitunzi siku zake: nani aligawa kibaba cha mwisho cha uwele, na mtoto aliuliza nini jioni ile. Mambo hayo madogo ndiyo nyama ya fasihi, na ndiyo ya kwanza kusahauliwa.

Wa pili ni Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Ingawa alikuwa mtu wa pwani, utumishi ulimfikisha Mpwapwa katika miaka ya 1940. Kitabu chake cha Maisha Yangu chaonyesha jinsi mtumishi wa cheo kidogo awezavyo kuyageuza mashaka ya safari na kazi yakawa mafunzo. Tukitaka kumwona kabla hajavaa nguo za jukwaani, tusome barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958, zilizochapishwa mwaka 2002. Barua si shajara, kwa kuwa ina msomaji mmoja. Hata hivyo ni jirani yake wa karibu, na twajifunza humo kwamba mkono uliozoea kuandika faraghani hautetemeki hadharani.

Wapo wasemao kwamba daftari la siri ni desturi ya kigeni, na kwamba utamaduni wetu ni wa kusema mbele ya watu. Hoja hii ina ukweli nusu. Zeze la Kigogo, ambalo marehemu Hukwe Zawose alilifikisha ng'ambo, hupigwa mbele ya watu. Lakini mpigaji hukaza nyuzi zake peke yake kwanza. Anayelitayarisha neno lake faraghani huwatendea heshima wale atakaowaambia.

Lakini si kila daftari lina faida, na hapa hatuna budi kujitoa wenyewe mfano. Tulianza kuandika daftari tulipoajiriwa, nasi tuliliandika kikarani. Mwaka aliofariki baba yetu tuliandika majina ya waliotoa rambirambi na kiasi cha kila mmoja, bei ya sanda na bei ya unga. Hesabu ile ni sahihi mpaka leo. Maneno aliyotuambia jioni ya mwisho, akiwa ameketi nje ya tembe, hatukuyaandika. Sasa tukitaka kumtungia utenzi, hesabu tunayo, sauti yake hatuna.

Kwa hiyo twawashauri wanafunzi waandike mistari michache kila siku, pamoja na tarehe na mahali: jambo moja lililoonekana, neno moja lililosikika kama lilivyotamkwa, na wazo moja la kweli, hata kama linamwaibisha mwenyewe. Wasihangaikie vina wala mizani. Daftari ni ghala, si karamu. Nafaka itatwangwa na kupepetwa baadaye.

Kwa walimu tuna ombi moja. Wahimizeni vijana waandike, lakini madaftari hayo msiyakusanye wala msiyasahihishe kwa wino mwekundu. Mwanafunzi ajuaye kwamba atasomwa humwandikia mwalimu yale yampendezayo mwalimu, na hapo ukweli hukimbia.

Dodoma iliyotangazwa kuwa jiji mwaka 2018 si ile tuliyoikuta ujanani. Mashamba yamekuwa mitaa, na wageni wamekuwa wenyeji. Nyaraka za ofisini zitasema barabara ilijengwa lini. Zile alizozisema bibi siku mbuyu wa shambani kwake ulipoangushwa, hazitakuwamo humo. Atakuwa nazo kijana aliyekuwa amesimama karibu, iwapo aliporudi nyumbani alifungua daftari lake.