Mto Unaosimama Wenyewe

Nyumbani kwetu Awindiri, mjini Arua, tableti ilikuwa ikiegemezwa kwenye jagi la chai. Jagi likihitajika, tableti hulala kifudifudi, na harusi iliyorekodiwa Koboko huendelea kuimba huku uso wake uko mezani. Nikaipeleka kwa fundi cherehani wa mtaani, nikamwomba atushonee mto wa kuisimamisha. Nilidhani ataniuliza rangi.

"Lete, mwanangu, niishike," alisema.

Aliipima kwanza kwa kiganja, kama mtu anayenunua samaki, kisha kwa futi: sentimita 25 kwa 17. Kwenye karatasi ya mfuko wa saruji akachora mistatili mitatu ya 30 kwa 20, na pembetatu mbili zenye pande za 20. Pande zikilingana, mteremko unasimama kwa nyuzi 60. "Ikilala sana, mama yako atainamisha shingo. Ikisimama sana, itaanguka," akasema. Kila ukingo akauongezea sentimita moja na nusu ya mshono.

Kitambaa kilikuwa kipande kilichobaki cha kitenge cha Kongo, vile vinavyoingia Arua kutoka upande wa Ariwara. Alikizungusha mara tatu juu ya meza mpaka ua kubwa likaangukia katikati ya mteremko. Ndipo akakigeuza, akachora kwa chaki upande wa ndani. Mkasi wa kitambaa una msumari wake ukutani. Karatasi huikata kwa mkasi mwingine, mkuukuu, maana karatasi hula makali.

Kitenge peke yake hulegea, kwa hiyo alikishonea marekani kwa ndani. Miguu ikaanza kukanyaga, gurudumu likashika mwendo. Alipofika kwenye nukta ya kona, alisimama sindano ikiwa ndani ya kitambaa, akainua mguu wa cherehani, akageuza kazi, akaushusha tena. Kila kona alifanya hivyo, bila kuruka hata moja. Nyuma aliacha mwanya wa kupita mkono. Alipunguza ncha za kona kwa mkasi ili zisijikunje, akafungua mishono kwa pasi ya mkaa, kisha akaupindua mfuko kupitia ule mwanya.

Kazi ya kujaza ndiyo iliyochukua alasiri nzima. Alikuwa na vipande vya sponji vya godoro, akavichana kwa vidole hadi vikawa kama punje za mahindi. Kwanza alilaza chini kifuko bapa cha mchanga, uliochekechwa, ukaoshwa na kukaushwa juani. Uzito huo ndio unaozuia mto kubiduka. Kisha akajaza kona kwa kijiti butu, chembe kwa chembe, akafuata kingo, tumbo likawa la mwisho. Aliuweka mezani, akaubonyeza kwa kidole, akatoa konzi moja. Akaubonyeza tena, akarudisha nusu yake. Sponji ikizidi, mteremko unavimba na tableti inateleza. Ikipungua, inazama.

Mbele alishona ukingo wa kuzuia tableti: misokoto miwili minene kama kidole gumba, na kati yake nafasi ya vidole vitatu, ili tableti ikisimamishwa wima waya wa chaji upate njia. Msokoto mmoja ulipanda juu kidogo kuliko mwenzake. Mimi sikuona kitu. Yeye aliona, akaufumua wote, akaurudia.

Mwanya wa nyuma aliufunga kwa mkono. Sindano ilipita ndani ya kunjo la upande huu, ikavukia la upande wa pili, na alipovuta uzi midomo miwili ya kitambaa ikakutana. Niliutafuta mshono kwa ukucha, sikuupata.

"Awadifo," nilimshukuru. Alikuwa ameshaanza kuokota vipande vya uzi sakafuni.

Jioni ile jagi lilirudi kwenye chai. Mama aliketi na ungo wa karanga mapajani, akimenya, macho kwenye harusi. Alipotaka kurudia ngoma aliyoipenda, vidole vilikuwa na vumbi la maganda, akagusa kioo kwa kifundo cha kidole. Mto ulibonyea kidogo, ukarudi mahali pake, na mikono yake ikarudi kwenye karanga.