Jaribio kama Mhakiki: Juu ya Ujenzi wa Vifurushi vya Debian

Katika Debian, mfumo wa programu huria ulioasisiwa mwaka 1993, programu haimfikii mtumiaji kama ilivyotoka mikononi mwa mtunzi wake. Mfungaji huijenga upya iwe kifurushi, na wakati wa ujenzi mashine huyaendesha yenyewe majaribio aliyoyaandika mtunzi, kila moja likihoji sehemu moja ndogo. Likishindwa mojawapo, kwa kawaida ujenzi husimama.

Yafaa majaribio haya yasomwe kama maandishi ya uhakiki, tena ya namna ya pekee, kwani mtunzi ameihakiki kazi yake mwenyewe. Haulizi ila lile alilowahi kuliwazia. Hata hivyo, kuyaendesha ugenini si kazi bure. Mtunzi aghalabu huandika kwenye mashine inayohifadhi nambari kwa kutanguliza baiti ndogo. Debian huijenga programu iyo hiyo hata kwa mashine kuu za IBM za s390x, zitangulizazo baiti kubwa. Hapo hufichuka dhana ambayo mtunzi hakujua kuwa ni dhana. Mfungaji anayeyaruka majaribio ili awahi ameinyima kazi hiyo msomaji wake wa kwanza asiye jirani wa mtunzi.

Lakini wapo wanaoyachukua matokeo mema kuwa cheti cha usalama, na hoja yao haisimami. Mwaka 2006 kifurushi cha OpenSSL cha Debian kilibadilishwa kikapoteza takriban chanzo chote cha ubahatishaji, kikabakiwa na nambari ya mchakato tu. Hadi Mei 2008, kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, funguo zilizowezekana zilikuwa kiasi cha 32,768. Nazo zilifunga na kufungua barabara! Jaribio linalouliza kama kilichofungwa chafunguka lisingekuwa na la kulalamikia.

Kisa cha xz kinatisha zaidi. Katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya mwaka 2024, msimbo wa hila ulifichwa ndani ya mafaili ya majaribio yenyewe, mengine yakijifanya data iliyoharibiwa makusudi; hatua za ujenzi ndizo zilizoutoa humo na kuupachika. Mhakiki, basi, ndiye aliyembeba mwizi. Halikuwa jaribio lililomfichua. Mhandisi Andres Freund alishangaa tu kwa nini kuingia kwa SSH kumechelewa kwa nusu sekunde hivi, akaanza kusoma.