Selotepu ya Mto wa Mbu

Mliokuwa kwenye msafara wa Natron mwezi wa pili mnaikumbuka ile Land Cruiser nyeupe yenye hema juu ya paa. Mnakumbuka pia tulivyofika Ngare Sero siku ya pili, saa tisa alasiri, mlango wa nyuma ukafunguliwa na harufu ya nyama ikatoka kabla ya mizigo. Tangu siku hiyo nasikia friji likilaumiwa: ni la mtumba, ni dogo, gesi imepungua. Friji lile halikuwa na kosa lolote. Kosa lilifanyika Mto wa Mbu, kwenye kituo cha mafuta, kwa selotepu ya kahawia.

Wengi wenu mlikuwa mnakunywa chai. Mimi nilisimama hatua tatu tu kutoka pale. Fundi wa gari aliitazama barabara ya Engaruka, akakumbuka jinsi vumbi lilivyojaa kwenye kompresa safari iliyopita, akakata kipande cha godoro na kukishindilia kwenye tundu la hewa la kabati la friji. Tundu la chini, kisha la juu. Juu ya godoro akabandika selotepu tabaka tatu, akiikandamiza kwa kidole gumba hadi pembeni. Nikamwuliza, "Fundi, hewa itapita wapi?" Akajibu, "Mzee, hapa haiingii hata chembe ya vumbi." Ni kweli haikuingia. Joto nalo halikutoka.

Niruhusuni nikae hapa kidogo, kwa sababu yaliyofuata yote yalianzia hapa. Friji halitengenezi baridi. Linachota joto lililomo ndani ya sanduku na kwenda kulimwaga nje, kwenye mabomba ya kondensa, ili hewa ilichukue. Ukiondoa hewa, umeondoa mahali pa kumwagia. Kabati lile lilikuwa limeegemea bodi ya chuma iliyopigwa jua siku mbili, na tulipolifungua kipimajoto changu kilisoma nyuzi 60. Nje zilikuwa 40. Friji linalotakiwa kubaki nyuzi 4 lilipaswa kuhimili tofauti ya nyuzi 36 kati ya ndani na nje. Likatwishwa nyuzi 56, zaidi ya mara moja na nusu ya mzigo wake.

Na hapo ninahesabu kuta tu. Kwenye kondensa hali ilikuwa mbaya zaidi. Gesi haiwezi kurudi kuwa majimaji kama haina pa kuacha joto lake, kwa hiyo shinikizo hupanda, kompresa huvuta ampea nyingi zaidi na kufanya kazi bila kupumzika. Kompresa yenyewe hutoa joto inapofanya kazi, na joto hilo nalo lilikuwa limefungiwa mlemle. Mwishowe kinga yake ikawa inaizima, ikipoa kidogo inawaka, inazimwa tena. Dereva aliniambia kila alipogeuka nyuma aliona taa ya kijani. Taa ya kijani ilimwambia kwamba umeme upo. Habari za nyama haikuwa nazo.

Vumbi ni adui, sibishi. Lakini vumbi la kondensa hutolewa kwa brashi ya rangi, dakika tano, jioni mkishapiga kambi. Anayetaka kulipunguza njiani aweke sponji nyembamba ya kuchuja kwenye tundu la chini, na feni ya kompyuta ya volti 12 kwenye tundu la juu isukume hewa moto nje. Kazi hiyo haimalizi hata saa moja. Tulikaa Mto wa Mbu saa moja na nusu.

Kupoza nyama usiku kucha kwa umeme wa nyumbani kabla ya kuondoka Arusha, na kuegesha kivulini kule Engaruka, kulifanywa vizuri.

Selotepu kando, wasomaji wa safu hii wanajua ugomvi wangu na waya mwembamba, nami sijauacha. Kutoka betri ya mbele hadi friji la nyuma, kwenda na kurudi, ni kama mita 12. Waya wa milimita za mraba 1.5 ukibeba ampea 5 hupoteza takriban volti 0.7 njiani. Wa milimita 6 hupoteza chini ya 0.2. Gari lile lina waya mwembamba, nimeshalisema hilo mara tatu. Na kule Engaruka nani aliruhusu kreti zima la soda za nusu lita, zilizochemka dukani, liingie frijini mchana? Chupa 24 ni lita 12 za kupozwa kutoka nyuzi 35. Hata friji dogo lenye afya lingechukua saa saba au zaidi.

Nirudi kwenye hewa. Nilikulia jirani na zahanati iliyokuwa na friji la mafuta ya taa. Ni aina ile waliyoibuni wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922, na Electrolux wakaliingiza sokoni mwaka 1925. Halina kompresa. Moto mdogo huchemsha maji yenye amonia, na baridi huanzia hapo. Ndugu zake wamo hadi leo kwenye magari-nyumba ya Marekani, wakitumia gesi ya mtungi, na huko nyuma ya friji huachwa tundu la chini ukutani na jingine juu, mara nyingi kwenye paa. Anayekwenda jangwani Arizona wakati wa kiangazi huongeza feni. Hafikirii kuziba.

Nesi wetu hakuwa na feni. Alikuwa na utambi aliousafisha kila asubuhi, chupa ya maji aliyoilaza juu ya friji kuhakikisha limekaa sawa, na kipimajoto kimoja. Chanjo zilitakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8, naye aliziweka humo. Mtoto aliyeegemeza hata ufagio nyuma ya friji lile alifukuzwa hadi barabarani. Hakuna aliyemfundisha kanuni za hewa. Alikuwa na mtungi wa maji kwao, na alijua kwamba mtungi uliopakwa rangi ya mafuta haupozi maji.

Saa kumi na mbili jioni tulikata selotepu, tukachomoa godoro na kuliacha kabati wazi. Ndani ya friji zilisomeka nyuzi 23. Alfajiri zilikuwa 5, kwa kompresa ileile, gesi ileile na betri ileile. Kilo sita za nyama tulikuwa tumeshazifukia.