Tarumbeta Katika Kipindi cha Watoto

Mjukuu wangu ana umri wa miaka sita. Alipokuja Mlali kwa likizo ya Desemba, tulikuwa tumekaa barazani jioni moja, nami nimefungulia redio. Ukapigwa wimbo wa zamani wa JUWATA Jazz. Waimbaji walipomaliza beti zao, tarumbeta zikaingia. Mtoto akaacha kumenya karanga, akaniuliza, "Babu, huyo anayelia ni mnyama gani?"

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Mtoto huyu anahesabu hadi mia kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Anajua pembetatu na mstatili, anajua kwa nini tunanawa mikono. Mama yake ananiambia kwamba sehemu kubwa ya hayo aliyapata kwenye televisheni kabla hajakanyaga darasa. Lakini hajapata kuiona tarumbeta, wala hajui kwamba nyuma ya sauti ile yupo mtu mwenye mapafu na midomo iliyochoka. Mimi niliyemaliza Chuo cha Ualimu Mpwapwa mwaka 1972, nikashika chaki na fimbo kwa miaka thelathini na minane, nilijiuliza: tumempa nini mtoto huyu, na tumemnyima nini?

Tuanze na redio, maana ndiko tulikotoka. Wenzetu wa Zanzibar walipata televisheni, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi wa bara tulisubiri hadi mwaka 1994, na hata hiyo ilikuwa ya watu binafsi. Ile ya taifa ilikuja karibu na mwaka 2000. Kwa hiyo vizazi vyetu vililelewa kwa sikio, na sikio lenyewe lilikuwa na mlango mmoja: Radio Tanzania Dar es Salaam, kama ilivyoitwa tangu mwaka 1965.

Katika redio hiyo watoto walikuwa na kipindi chao, Mama na Mwana, na sauti ya Debora Mwenda. Nimewasikiliza walimu wengi wakisimulia hadithi darasani, na wengi wao husoma tu. Mama Mwenda alisimulia. Alijua mahali pa kunyamaza. Alijua kwamba zimwi linatisha zaidi kabla halijatokea. Hapa kijijini redio zilikuwa chache, na betri zilikuwa adimu kiasi kwamba tulizianika juani ili zipate uhai wa siku mbili zaidi. Watoto wa nyumba kumi walikusanyika chini ya mkwaju mmoja, na kila mmoja alilichora zimwi lake mwenyewe kichwani. Hakuna mchoraji aliyewatangulia.

Sisemi kwamba kipindi kile hakikuwa na dosari. Hadithi nyingi zilikimbilia mafunzo yake upesi mno, kama mwalimu anayetazama saa. Tena redio husema na haisikii: mtoto alijifunza kusikiliza, hakujifunza kutenda. Hata hivyo, kipindi kilikuwa na fadhila moja ambayo nadhani hakuna aliyeipanga. Kilipokwisha, watoto hawakuondoka. Redio ilikuwa moja, stesheni ilikuwa moja, na baada ya hadithi zilikuja taarifa, salamu na muziki wa dansi. Mtoto wa miaka saba akasikia NUTA, akasikia Dar es Salaam Jazz, na miaka ya baadaye Mlimani Park, bila mtu kumlainishia chochote. Naona hicho ndicho kilikuwa kipindi bora cha watoto katika nchi hii, ingawa hakikuandikwa katika ratiba yoyote.

Sasa nije kwa mpuliza tarumbeta. Chombo chenyewe ni mgeni aliyepata uraia. Kilikuja na bendi za wanajeshi na za misheni. Ngoma ya beni, iliyoanzia pwani katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na kuenea barani na askari na wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia, ilichukua paredi ya mzungu ikaifanya mchezo wa watu. Wajukuu wa beni ndio waliokuja kusimama nyuma ya waimbaji wa dansi. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Jina lilibadilika kila chama kilipobadilika, likawa JUWATA, kisha OTTU, hadi Msondo Ngoma ya leo. Lakini sauti ya zile tarumbeta ilibaki alama ya nyumba. Ukiisikia kwa mbali, kabla hujatambua hata neno moja la wimbo, unajua ni nani.

Unajua ni nani? Hapana, unajua ni bendi gani. Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mtangazaji alitaja bendi na wimbo, pengine na mtunzi. Waimbaji na wapiga gitaa la solo walijulikana hadi vijijini. Mimi mwenyewe, msikilizaji wa tangu ujana, nilikuwa mtu mzima nilipolijua jina la Joseph Lusungu, mmoja wa wapuliza tarumbeta wa bendi hiyo. Pumzi yake ilikuwa imeingia nyumbani kwangu mara nyingi kuliko ndugu zangu wengi. Michael Enoch alijulikana, ndiyo, wakamwita King, lakini yeye alikuwa kiongozi na mwalimu wa wenzake, mtu wa vyombo vingi. Anayeshika chombo kimoja nyuma ya jukwaa, anayeingia kwa sekunde ishirini na kutoka, huyo hana jina.

Wala si kwetu tu. Mwingereza Derek Watkins, aliyefariki mwaka 2013, alipuliza tarumbeta katika muziki wa filamu zote za James Bond kuanzia ya kwanza ya mwaka 1962 hadi ile ya mwaka 2012. Hiyo ni miaka hamsini ya kusikiwa dunia nzima. Waulize waliokuwa wakijazana sinema miaka hiyo kama wanamfahamu. Kazi ya kukodiwa studio ndivyo ilivyo: unafika, unapewa karatasi, unapuliza bila kukosea, unalipwa saa zako, unaondoka. Kwetu hapakuwa hata na karatasi. Katika studio ya Radio Tanzania bendi nzima ilipiga kwa pamoja, na aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo. Na tarumbeta haina pa kuficha kosa. Gitaa likiteleza huenda besi ikalifunika. Tarumbeta ikiteleza mtaa mzima umesikia.

Msomaji ataniuliza kwa nini mwalimu mstaafu wa shule ya msingi anajisumbua na mambo haya. Nina deni, na ni vizuri nilikiri.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja katika wilaya hizi za kwetu. Shule ilikuwa na tarumbeta moja, mabaki ya bendi ya misheni, yenye vibonyezo vitatu na kimoja kati yake kikikwama. Kijana mmoja wa darasa la sita aliichukua, akajifundisha mwenyewe. Alikuwa anatangulia mchakamchaka alfajiri, na nyimbo tulizozoea kuziimba kwa koo kavu zikapata mbawa. Alipoingia darasa la saba nilimwita ofisini, nikamwambia hesabu zake ni mbovu na mtihani hauulizi tarumbeta. Nikaifungia kabatini. Nilimwambia ataipata baada ya mtihani. Mtihani ukaja, nafasi za sekondari zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, hakuchaguliwa, akaenda zake. Nami nikahamishwa. Kabati lilibaki limefungwa.

Mwaka 2005 nilikuwa Dar es Salaam kwenye harusi ya jamaa, Temeke. Bibi harusi aliletwa kwa matarumbeta, kama wafanyavyo huko, vijana juu ya gari dogo wakipuliza na mtaa ukicheza nyuma yao. Mmoja wao, mtu mzima kuliko wenzake, alishusha chombo mdomoni akaruka chini. "Shikamoo, Mwalimu Mkuu." Nikaitika marahaba kabla sijamtambua. Alinieleza kwamba alianza upya akiwa na miaka ishirini na mitano, kwa kuazima chombo cha mtu. Anaishi kwa harusi, na mara mojamoja anaitwa studio kuweka tarumbeta kwenye wimbo wa mtu mwingine. Hulipwa siku hiyohiyo, na jina lake haliandikwi kwenye kaseti. Hakulalamika. Aliuliza jambo moja tu: "Mwalimu, ile tarumbeta yetu ipo?"

Sikuwa na jibu.

Ndiyo maana ninapotazama vipindi vya watoto vya leo natazama kama mshtakiwa, si kama hakimu. Navyo, kwa haki, ni vizuri. Kilimani Sesame, ndugu wa Kitanzania wa Sesame Street ya Marekani, ilipopimwa kwa watoto zaidi ya 200 wa Kisarawe na Dar es Salaam, ilionekana kwamba walioifuatilia kwa makini zaidi ndio waliosonga mbele zaidi. Kisha mwezi Januari 2014 Ubongo Kids ikaanza kuonyeshwa TBC1, katuni iliyotengenezwa hapahapa nchini, ikifundisha hesabu kwa Kiswahili chepesi kisicho na harufu ya tafsiri. Baada yake akaja Akili, binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, ambaye akilala huingia katika nchi ya wanyama wanaomfundisha herufi na namba. Huyo naye alipimwa, kwa watoto zaidi ya 500 wa Morogoro, na waliomtazama walifaidika. Mwalimu anayedharau matokeo hayo hajawahi kufundisha darasa la kwanza lenye watoto mia na kumi.

Lakini sikiliza muziki wake. Nyimbo zinashika upesi, zina maneno safi, zinafanya kazi yake. Tatizo langu ni hilohilo neno, kazi. Katika vipindi nilivyotazama mimi, wimbo ni punda wa kubeba namba. Punda akishafika na mzigo, hakuna anayemtazama. Kwa masikio yangu sauti nyingi zinatoka kwenye kinanda cha umeme na kompyuta, na mtoto haonyeshwi mtu anayezitoa. Anafundishwa kwamba mbili na tatu ni tano. Hafundishwi kwamba sauti hutoka kwa mtu aliyejifunza miaka kumi kuitoa. Tena mtoto wa sasa ana vipindi vyake, chaneli yake, simu ya mama yake. Vikiisha vya watoto, vinaanza vingine vya watoto. Ule mlango wa nyuma, ambao mtoto wa Mama na Mwana aliupitia akajikuta katikati ya dansi la wakubwa, umezibwa.

Atasema mtu kwamba fedha hazitoshi kukodi wanamuziki. Nakubali kwamba bendi ni ghali. Lakini tazama Sesame Street yenyewe, iliyoanza Novemba 1969. Muziki wake ulisimamiwa na Joe Raposo, mtunzi kamili, na kinanda cha mdomo kinachosikika katika wimbo wake mkuu kilipulizwa na Toots Thielemans, Mbelgiji aliyekuwa bingwa wa chombo hicho duniani. Hawakusema, "Hawa ni watoto, hawatajua tofauti." Walijua kwamba mtoto hajui tofauti leo, lakini sikio lake linaweka akiba.

Sisi tuna akiba ambayo Marekani hawana. TBC ndiyo mrithi wa kanda za Radio Tanzania, maelfu kwa maelfu. Dakika kumi kwa wiki zingetosha. Mleteni mpuliza tarumbeta mmoja mzee mbele ya kamera. Aonyeshe vibonyezo vitatu, apulize kidogo, kisha ipigwe kanda ya mwaka 1975, na mtangazaji aseme: aliyepuliza hapa ni fulani. Wiki ya pili mleteni Mgogo wa huku kwetu na zeze lake, maana hata Hukwe Zawose aliyezunguka dunia na chombo hicho, watoto wengi wa Dodoma leo hawamjui. Hesabu haitapungua kwa hilo. Na nasema haya mimi niliyedhani ingepungua.

Wiki mbili baada ya swali la mjukuu wangu nilimpigia simu yule mwanafunzi wangu. Nilitaka aje na chombo chake. Akasema hapigi tena. Meno mawili ya mbele yametoka, na bila meno ya mbele tarumbeta haishikiki. Nikakaa kimya. Yeye ndiye aliyesema, "Nipe huyo mtoto." Nikamweka mjukuu sikioni. Sijui walizungumza nini kwa muda wote ule, ila niliona ameibana midomo yake na kuanza kuitikisa kwa pumzi, ikitoa mlio kama wa nyuki ndani ya chupa. Hilo ndilo somo la kwanza la tarumbeta, kumbe, wala halihitaji tarumbeta. Alifanya hivyo nyumba nzima hadi siku ya kuondoka. Mama yake alilalamika kwamba anapiga kelele wakati wa kusoma.

Nilimwomba amwache.