Kuisoma Nguzo Mama Johannesburg: Je, Ni Kweli Wanawake Hatupendani?

Tunaandika kutoka Johannesburg, mji ulio juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,750, ambako mtu aliyezoea hewa ya Tanga au Mombasa hupanda ngazi za ghorofa moja akahema kama kabeba gunia. Safari hii tunaandika juu ya tamthilia ya Nguzo Mama ya Penina Muhando, iliyotolewa na Dar es Salaam University Press mwaka 1982. Huenda baadhi yenu mliisoma mkiwa masomoni, mkajibu maswali ya mtihani, mkaiacha huko. Tunaomba mturuhusu kuirudia, maana sisi tumeisoma ukubwani, ugenini, tena tukiwa tumevaa raba.

Tujieleze kidogo. Sisi ni kikundi cha wanawake tunaozungumza Kiswahili: Watanzania wa bara na visiwani, Wakenya, na Wakongo wa Bukavu na Lubumbashi. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tunakutana Zoo Lake, tunakimbia jogingi mpaka Emmarentia na kurudi. Tulianza kwa sababu ya afya, sukari na presha, lakini tuliendelea kwa sababu nyingine. Katika mji huu mwanamke akikimbia peke yake alfajiri, kila gari linalopunguza mwendo nyuma yake linamfanya ageuke. Tukiwa kumi na wawili hatugeuki. Baada ya mbio tunakaa kwenye nyasi, chupa za chai zinafunguliwa, vitumbua vinatoka, na hapo ndipo vitabu vilipoingia. Mwenzetu mmoja alirudi kutoka Dar es Salaam na nakala mbili za Nguzo Mama sandukuni, zimebanwa kati ya dagaa na unga wa muhogo. Tukawa tunapokezana, kila mtu akisoma kwa sauti maneno ya mhusika wake.

Neno ufeministi halikukaribishwa mara moja. Mama mmoja wa Pemba alisema yeye si mfeministi, yeye anataka tu jina lake liwemo kwenye hati ya nyumba aliyoichangia kwa miaka ishirini. Tulicheka, halafu tukanyamaza, maana tuliona kwamba ameshalieleza neno lenyewe kuliko wengi wanaolitumia.

Sasa tuje kwenye kitabu. Katika kijiji cha Patata iko nguzo iitwayo Nguzo Mama, nayo imelala chini. Wanawake wa kijiji wanataka kuisimamisha. Wahusika wamepewa namba, Bi Moja mpaka Bi Nane, na Bi Msimulizi anatusimulia mambo yao. Kila wakikusanyika, linazuka jambo. Huyu anavutwa na shida za nyumbani kwake, yule anagombana na mwenzake, mwingine anafiwa na mume na ndugu wa marehemu wanakuja kudai mali. Mwisho wa mchezo nguzo bado haijasimama.

Usomaji ambao tumeusikia mara nyingi, madarasani na hata kwenye vikao vya harusi, ni huu: mwandishi ametuonyesha kwamba wanawake hatupendani, na adui wa mwanamke ni mwanamke. Hata sisi, siku ya kwanza tulipofika ukurasa wa mwisho, wapo waliotikisa kichwa wakasema, "Si mnaona? Ndivyo tulivyo." Makala haya tunayaandika kuupinga usomaji huo. Tunaamini kitabu chenyewe kinaupinga.

Sisi tunaoandika mistari hii tulisomea uhandisi wa ujenzi ng'ambo, miaka ya tisini, katika darasa ambalo wanawake tulikuwa wawili. Mtatusamehe basi tukiitazama nguzo kama nguzo. Nguzo ndefu husimamishwa hivi. Kwanza shimo huchimbwa, na kitako cha nguzo huwekwa mdomoni mwa shimo. Kamba hufungwa juu, pande tatu au nne. Wa upande mmoja huvuta. Wa upande wa pili huachia kamba kidogo kidogo, ili nguzo isije ikapitiliza na kuwaangukia wanaovuta. Wengine hushika miti ya kuegemeza. Na mmoja, asiyeshika kamba yoyote, husimama pembeni akihesabu. Nguvu inahitajika, lakini kinachohitajika zaidi ni watu wenye mikono mitupu kwa wakati mmoja.

Someni tena tamthilia hii mkijiuliza swali moja tu: katika Patata, nani alikuwa na mikono mitupu? Jibu ni kwamba hakuna. Kila mwanamke anafika kwenye nguzo akiwa ameshabeba mzigo mwingine, na mzigo ule hana mahali pa kuutua. Wanapogombana, mara nyingi wanagombea muda, pesa na nguvu, vitu ambavyo tayari vimekwishachukuliwa na nyumba, waume na ukoo kabla wao hawajakutana. Kuwaambia watu wa namna hii kwamba hawapendani ni sawa na kumwambia fundi asiye na kamba kwamba ni mvivu.

Tumebishana sana juu ya mjane. Katika usomaji wa kawaida, msiba wake ni kikwazo kimojawapo: wanawake walikuwa na kazi ya nguzo, mirathi ikaingilia kati. Sisi tunasema mwandishi ameweka mtego hapo. Mirathi ile ndiyo nguzo yenyewe. Wanawake wa Patata wangeiacha ile nguzo ya mti ilale wiki nzima, wakaenda wote kukaa mlangoni kwa mjane mpaka ndugu wa marehemu waondoke mikono mitupu, jioni ile wangekuta kazi yao imekwishaanza.

Wala asidhani mtu kwamba hayo ni mambo ya 1982. Mwaka 2015, Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilitoa uamuzi kuhusu wajane wawili wa Tanzania waliotolewa katika nyumba zao na ndugu wa waume zao, kwa nguvu ya sheria ya kimila iliyoandikwa mwaka 1963. Kamati ilisema haki zao zilivunjwa. Hapa Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba ilifuta mwaka 2004 kanuni ya kimila iliyompa mwanamume mkubwa wa ukoo urithi wote. Sheria imebadilika upande huu wa mpaka, lakini shemeji anapopanda basi kutoka nyumbani kuja msibani, habebi hukumu ya mahakama mfukoni.

Hili tunalijua kwa aibu. Miaka michache iliyopita mwenzetu mmoja katika kikundi alifiwa na mume. Tulifanya kama Waswahili wote wa ugenini wafanyavyo: tulichanga, tukapika, tukashughulikia vibali, maiti ikasafirishwa. Tukajipongeza. Jumamosi iliyofuata tulikimbia, na iliyofuata, na iliyofuata. Tulikuwa tunajiandaa kwa mbio za Soweto, na yeye hakuonekana. Tulituma ujumbe wa simu, "Dada, pole, tunakusubiri." Mmoja wetu alisema labda ameamua kurudi nyumbani. Tulipokuja kumwona, miezi minne ilikuwa imepita. Mashemeji walikuwa wamechukua gari, friji, kadi ya benki na zile fedha tulizochanga sisi, naye alikuwa amehamia chumba kimoja Yeoville na watoto wawili. Wakati wote ule tulikuwa tunamngojea Zoo Lake.

Alirudi kikundini. Tulipoanza kusoma Nguzo Mama, sehemu ya mjane ilimwangukia mtu mwingine, yeye akaiomba. Alisoma mpaka mwisho bila kutetereka, kisha akafunga kitabu akasema, "Hawa wa Patata ndio nyie." Hakuna aliyejibu. Uhakiki mzuri wa kitabu hiki kuliko ule hatujausikia, na makala haya ni jaribio letu la kumjibu.

Tulikisoma pia kitabu cha hapa hapa Johannesburg, kitusaidie kufikiri. Ni riwaya ya Miriam Tlali, Muriel at Metropolitan, iliyotolewa na Ravan Press mwaka 1975 ikiwa imepunguzwa kurasa, na baadaye ikapigwa marufuku na serikali ya makaburu. Muriel ni karani mweusi katika duka linalouza redio na samani kwa mkopo. Ofisini mle wamo wanawake weupe. Wanafanya kazi chini ya dari moja na tajiri mmoja, lakini mshahara, heshima na hata mahali pa kukaa havilingani. Mwishowe Muriel anaandika barua ya kuacha kazi. Riwaya hii ilitufundisha jambo ambalo Nguzo Mama inaligusa bila kulimaliza: kuwa wanawake hakutoshi kutufanya tushike kamba moja. Katika kikundi chetu yumo daktari na yumo anayefagia nyumba za watu Sandton. Yumo mwenye ukaaji wa kudumu na yumo anayeogopa kila gari la polisi. Tukisema "sisi wanawake" bila kuhesabu tofauti hizo, anayebeba zaidi ataanguka kwanza, na tutamwita mtoro.

Na mbio je, zinatukomboa? Tulipenda kuamini hivyo. Mbio za Comrades, kati ya Durban na Pietermaritzburg, karibu kilomita 90, zilianza mwaka 1921, lakini wanawake na watu weusi hawakukubaliwa rasmi mpaka 1975, mwaka ule ule wa kitabu cha Tlali. Frances Hayward alikataliwa kujiandikisha mwaka 1923, akakimbia hivyo hivyo akamaliza. Hadithi kama hiyo inampa mtu nguvu ya kupanda kilima. Lakini Oktoba 2021 Agnes Tirop, aliyekuwa ametoka kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee mwezi mmoja tu nyuma, alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris mwezi uliotangulia, alifariki hospitalini Eldoret baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto. Habari za msiba ule zilitaja ugomvi wa kiwanja. Wanawake hawa walikuwa na miguu yenye kasi kuliko sisi sote tukijumlishwa. Ugomvi wa mali ulimfuata Cheptegei mpaka nyumbani, kama ulivyomfuata mjane wa Patata. Huko Kenya wanariadha wenzake Tirop walianzisha Tirop's Angels, chama cha kupinga ukatili dhidi ya wanawake. Hapo tuliona watu waliokwenda kukaa mlangoni, ingawa walikwenda baada ya mazishi.

Kwa hiyo lawama yetu kwa Nguzo Mama ni moja. Mwandishi ametupa picha ya kushindwa iliyo kamili mno. Tamthilia inafunga nguzo ikiwa chini, na mtazamaji anaweza kwenda nyumbani na methali ile ile mbovu aliyokuja nayo. Tulitamani kuiona kesho yake: hata Bi mmoja tu akipita kwa mwenzake asubuhi, akauliza umeamkaje, akakaa. Watetezi wa kitabu miongoni mwetu wanasema kesho ile ameachiwa mtazamaji kwa makusudi, ndiyo maana wahusika wana namba tu, ili kila mmoja aweze kujiweka mle. Huenda ni kweli. Nasi tunapoingia mbioni hubandikwa namba kifuani.

Tulichojifunza cha kufanya tumekitoa kwenye mbio zenyewe. Katika Comrades kuna kitu kinaitwa basi. Mkimbiaji mzoefu hushika kibendera, na kundi kubwa humfuata. Wanatembea panapotakiwa kutembea, wanaimba, wanahesabu, ili wote wafike kabla ya saa 12 za ukomo kwisha. Dereva wa basi huwa na uwezo wa kufika mapema zaidi akikimbia peke yake, lakini kwa siku ile ameamua kwamba kazi yake ni kuhesabu. Huyo ndiye yule anayesimama pembeni bila kushika kamba, ambaye Patata haikuwa naye.

Siku hizi kikundi chetu kina dereva, kwa zamu ya miezi mitatu. Akikosekana mtu Jumamosi mbili, dereva haandiki ujumbe. Anakwenda kugonga mlango, na wawili wanafuatana naye. Michango ya msiba inawekwa katika akaunti ya jina la mjane mwenyewe. Na kila mmoja wetu, hata waliokataa neno ufeministi, ameandika wosia. Yule mama wa Pemba ndiye aliyetupeleka kwa wakili.

Je, nguzo imesimama? Hapana, ndugu wasomaji, wala hatutaki kuwadanganya. Lakini shimo limechimbwa, na kamba zimehesabiwa. Mlioko London, Minneapolis au Muscat, kitafuteni kitabu hiki, mkisome kwa sauti, na mgawane sehemu. Sehemu ya mjane mpeni atakayeiomba. Sisi tukimaliza tutaanza Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, na Mungu akipenda tutawaandikia.